Jarida la gemu la bei mbaya: linalipa au linakula hela?

SANDUKU LA WASOMAJI

Barua nyingi za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, moja imetoka Tabora, na karibu zote zinauliza habari ya yale majarida ya michezo yanayochapwa Ulaya na Marekani: karatasi nzito, picha za kung'aa, bei ya kutisha. Tumezipanga kwa jinsi zinavyofuatana kimaana, si kwa tarehe zilizofika.

Tupo sita, tunakutana Mwanga kila Jumamosi kucheza michezo ya mezani. Mwenzetu anataka tuchange tulipie mwaka mzima jarida la vita ambalo kila toleo linakuja na gemu kamili ndani. Wengine wanasema ni kutupa hela. Nani yuko sahihi? — Mweka hazina, Mwanga

Huyo anayetaka kununua yuko sahihi kuhusu jarida, ila kakosea kuhusu mwaka mzima.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Majarida haya si mageni: Strategy & Tactics la Marekani lilianza 1967, na kuanzia toleo la 18, mwaka 1969, likawa linatia gemu ya vita ndani ya kila toleo. Hadi leo linauzwa kwa namna mbili, lenye gemu na lisilo na gemu, na tofauti ya bei ni kubwa. Kabla hamjachanga hata senti, hakikisheni mnalipia namna ipi; wapo waliofurahia unafuu wakaishia kuletewa makala matupu. Lenye gemu huwa na ramani ya karatasi, kwa kawaida ya sentimita 56 kwa 86, shiti ya vipande vya kadibodi ambavyo ndiyo majeshi, na kanuni. Dadu mara nyingi hazimo. Za ludo zinatosha, kwa kuwa gemu nyingi za aina hii zinatumia dadu ya kawaida ya pande sita.

Sasa hesabu. Bei ya kwenye jalada haiwahusu ninyi mlio mwisho wa reli. Chukueni mfano huu, kisha mbadilishe tarakimu kwa bei za siku mtakayonunua: tuseme jarida na gemu ni dola 40, posta dola 24, na dola moja ni shilingi 2,500. Hapo ni 160,000. Ongezeni asilimia 4 ya makato ya kadi na kubadilisha fedha, yaani 6,400. Jumla 166,400, kila mmoja wenu 27,700 na kitu.

Kiasi hicho kitawatia hasara au la kutegemea saa mtakazocheza, na mtego uko hapa: gemu nyingi za ndani ya majarida zimetungwa kwa watu wawili. Wawili wakicheza Jumamosi nne, saa nne kila siku, ni saa 32 za mchezo ukijumlisha za kila mchezaji, kila saa imegharimu shilingi 5,200, na wenzao wanne wamekaa wanakunywa soda. Mkigawana watatu kwa watatu, Jumamosi hizo hizo zinakuwa saa 96, na kila saa inashuka hadi shilingi 1,730 hivi. Kugawana si kazi ngumu. Kila upande mmoja ashike kaskazini mwa ramani, mwingine katikati, mwingine kusini, na mmoja wao awe pia mkuu anayegawa vikosi vya akiba. Mashauriano yawe dakika tano kwa zamu, na saa iwekwe mezani. Bila saa, zamu moja itakula alasiri nzima na ugomvi juu.

Kabla ya kuchagua toleo, tafuteni maelezo yake manne: idadi ya wachezaji, idadi ya vipande, muda wa mchezo, na kama linafaa kuchezwa na mtu mmoja. Kwa kundi changa, gemu ya vipande mia moja hivi ni afadhali kuliko ya mia mbili na themanini. Kupanga vipande mia mbili na themanini kwenye nafasi zake za kuanzia ni kazi ya saa nzima kabla dadu haijarushwa. Na mmoja wenu azisome kanuni siku za kati ya wiki. Kundi linalosoma kanuni kwa pamoja Jumamosi hiyo hiyo huishia kufunga ramani giza likiingia, halijacheza.

Kuhusu mwaka mzima: msilipe. Kwanza, mada zinaruka. Toleo hili Napoleon, linalofuata Roma ya kale, la tatu ni vita ambayo hakuna mmoja wenu anayeijali. Pili, jarida likija kila baada ya miezi miwili nanyi hamjamaliza la kwanza, mnaanza kununua foleni. Tatu, majarida yanakufa. Nintendo Power lilianza 1988 likafa 2012 likiwa na jina kubwa. Game Informer, lililoanza 1991, lilifungwa ghafla Agosti 2024. Lilirudi 2025, lakini aliyekuwa amelipia mbele alikaa miezi bila kujua hatima yake. Nunueni toleo moja, la mada mnayoitaka, mlicheze hadi mlichoke. Mkiona Jumamosi ya tano bado mnalitoa, nunueni la pili.

Na kama hamu yenu ni vita vya hapa nyumbani, msimsubiri mhariri wa ng'ambo. Mapambano ya Ziwa Tanganyika ya 1915 na 1916 yana kila kitu cha gemu ndogo: boti mbili za Waingereza zilizoitwa Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa kuburutwa na kwa mto kupitia Kongo, meli Kingani ya Wajerumani iliyotekwa Desemba 1915, Hedwig von Wissmann iliyozamishwa Februari 1916, na Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Vipande kumi, ziwa lililochorwa kwenye manila, dadu mbili. Mnaweza kuanza kesho.

Nimenunua toleo la zamani lenye gemu. Kutenganisha vipande, pembe zimechanika. Ramani nayo haitaki kulala, imevimba kama imelowa. Kuna dawa? — Fundi, Ujiji

Dawa ipo, fundi, na sababu tuiseme ili isijirudie.

Vipande hukatwa kiwandani kwa bamba la kisu, lakini havikatwi hadi mwisho. Vinaachwa vimeshikana kwenye pembe ili shiti isisambaratike. Ukisukuma kwa kidole gumba, nguvu yote inakwenda pembeni, na tabaka la juu la karatasi linabanduka na kuondoka na kipande cha jirani. Kwa shiti inayofuata, ipige picha pande zote mbili kwanza, maana vipande vingi vimechapwa mbele na nyuma na picha ndiyo orodha yako kikipotea kimoja. Ilaze shiti juu ya kadibodi nene, weka rula ya chuma, katiza viungo vya pembe kwa wembe mpya, mstari mzima kwa mkupuo. Usivute hata kimoja. Vikishatengana, punguza kila pembe kama milimita moja kwa kikata kucha. Pembe butu hazinasiani vipande vikipangwa juu ya vingine, na kitambi cha karatasi kilichobaki pale kinaondoka.

Vilivyobanduka virudishe kwa gundi nyeupe ya mbao, tone la ncha ya kijiti cha meno, katikati ya matabaka. Bana kwa vidole, kisha laza usiku mmoja chini ya kitabu kizito, kati ya vipande vya nailoni visigande. Supa gluu iache kwenye droo. Inapenya karatasi, inaacha doa jeusijeusi, na kipande kinakuwa kigumu upande mmoja tu.

Ramani imevimba kwa unyevu wa ziwa: karatasi imenyonya upande mmoja zaidi ya mwingine. Usiipige pasi. Ikunje kinyume cha mikunjo yake kwa upole, iache imelala siku mbili chini ya uzito mahali pakavu, kisha wakati wa kucheza ifunike kwa kioo cha dirisha cha milimita 4, sentimita 60 kwa 90, ukimwambia fundi vioo asage kingo zote. Perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo, ni nyepesi na salama zaidi, ila bei imepanda. Laminesheni hatuishauri: mashine za steshenari nyingi zinaishia A3, ambayo ni karibu robo tu ya ramani yako, na ukishaikata ramani vipande vipande hairudi kuwa moja.

Kama kuna vipande vimepotea, chapisha vipya kwenye karatasi ya stika na ubandike kwenye kadibodi. Pima kimoja kilichopo kabla hujaenda; vingi vina upana wa milimita 12.7 au karibu 16. Mwambie kijana wa steshenari achape kwa asilimia 100, asiiruhusu mashine ijipimie ukurasa. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika, vipande vinatoka vidogo kuliko vya asili na kila mpinzani anajua kipi ni kipi.

Jambo la mwisho kwa toleo la zamani: tafuta masahihisho ya kanuni mtandaoni kabla ya kucheza. Gemu za majarida zinatungwa kwa kukimbizana na tarehe ya kuchapwa, na makosa hayakosekani. Wakati mwingine hata idadi ya vipande vya kuanzia imekosewa.

Nina vijisanamu vichache vya Warhammer, ule mchezo wa vita wa mezani, nilivyoletewa na ndugu yangu. White Dwarf linanivutia kwa picha, ila kwa bei yake nasita. — Kijana wa Gungu

Endelea kusita, bwana mdogo, na ujue unachosita nacho. White Dwarf lilianza 1977 chini ya Games Workshop ya Uingereza, kampuni inayotengeneza hiyo Warhammer yako, na miaka yake ya mwanzo liliandika juu ya michezo ya kampuni mbalimbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 likageuka kuwa la bidhaa za kampuni hiyo peke yake. Si siri wala si dhambi, lakini maana yake ni kwamba hutasoma humo kuwa kijisanamu fulani ni ghali bila sababu, au kwamba kanuni fulani ni mbovu. Unalipia jarida ambalo ukurasa kwa ukurasa linakuonyesha vya kununua tena.

Linachofanya vizuri ni upakaji rangi. Picha za hatua kwa hatua ni za kiwango cha juu kabisa na hazichuji. Somo la kupaka koti la ngozi la miaka kumi iliyopita linafaa leo. Kwa hiyo nunua matoleo ya zamani, mojamoja, yale yenye masomo ya jeshi ulilonalo. Toleo jipya lina kanuni za nyongeza na matukio ya mchezo, ila hayo yana maisha mafupi: kanuni kuu hubadilishwa kila baada ya miaka michache na nyongeza za zamani zinaachwa nyuma.

Rangi zinazotajwa humo ni za kampuni hiyo hiyo na Kigoma hutazipata. Usikate tamaa. Akriliki ya tyubu inayouzwa kwa wachoraji inafanya kazi, mradi uiongeze maji kidogokidogo hadi iwe nyepesi kama maziwa, upake koti mbili nyembamba badala ya moja nzito, na la kwanza likauke kabisa. Koti nzito inafunika macho na vifungo, na hayo ndiyo uliyolipia. Osha plastiki kwa sabuni kabla ya kupaka, kwa sababu hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu na rangi itabanduka. Rangi ya mafuta ya milango usiiguse: inakauka polepole, inang'aa, inajaza mikunjo. Na ukitengeneza vilima vya mezani kwa lile povu jeupe la boksi za televisheni, usiipulizie rangi ya kopo moja kwa moja. Kiyeyusho chake kinalila povu hadi linabaki mashimo. Funika kwanza kwa gundi nyeupe na karatasi.

Nasimamia kikundi cha chesi shuleni. Mfadhili yuko tayari kutulipia New In Chess mwaka mmoja. Tukubali au tumwombe hela ifanye kitu kingine? — Mwalimu, Kasulu

Mwalimu, kwa wanafunzi wanaojua tu kete zinavyokwenda, mwombe afanye kitu kingine. New In Chess, linalotoka Uholanzi tangu 1984, matoleo manane kwa mwaka, ni jarida zuri kuliko yote ya chesi kwa jicho letu, na uzuri wake ndio tatizo lako. Wachezaji wakubwa wa dunia wanachambua michezo yao wenyewe humo, na wanaandika kwa mtu ambaye tayari haoni taabu kuhesabu hatua tano mbele. Mtoto anayepoteza malkia bure hapati kitu katika ukurasa wa namna hiyo.

Hela ya mwaka mzima inunue seti za kete za plastiki, mbao za kukunja za turubai, na saa mbili za chesi. Mafumbo ya hatua moja na mbili chukua Lichess, ambayo ni bure kabisa, haina matangazo, na programu yake ya simu inaweka mafumbo kadhaa akibani ili yatatuliwe hata mtandao ukikatika.

Lakini kama una wanafunzi wanne au watano waliokwisha pevuka, pokea toleo moja, hata la miaka iliyopita, kwa sababu mchezo mzuri wa 1984 ni mzuri leo. Litumie hivi. Chagua mchezo mmoja. Funika hatua kwa kipande cha manila, onyesha mpaka hatua ya kumi, kisha kila mmoja aandike anachodhani ni hatua inayofuata na sababu kwa mstari mmoja. Funua. Aliyepata, alama mbili. Aliyeandika hatua nyingine ambayo mchambuzi anaitaja kuwa nzuri, moja. Mchezo mmoja unakula saa mbili, na toleo moja lina michezo ya kutosha muhula mzima. Kiingereza hakitawasumbua sana kwenye hatua zenyewe, maana kete zinaonyeshwa kwa vipicha na visanduku kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8. Maelezo ndiyo yatakayohitaji msaada wako.

Mwanangu yuko kidato cha tatu, anataka jarida la gemu la Kiingereza, anasema litamsaidia lugha. Ananidanganya? — Mama, Buzebazeba

Hakudanganyi, mama yetu, ila anachagua ukweli unaomfaa. Jarida la habari za gemu za video lina Kiingereza cha mitaani na sifa za kupitiliza. Atajifunza maneno ya kusifia. Kanuni za mchezo wa mezani ni habari nyingine. Zimejaa sentensi za masharti, na asipozielewa mchezo hauendi, kwa hiyo anajisahihisha mwenyewe bila kuambiwa. Mjaribu hivi kabla hujatoa hela: kanuni za michezo mingi zinapatikana bure mtandaoni. Aichape moja ya kurasa nne, aitafsiri kwa Kiswahili, amfundishe mdogo wake, wacheze. Wakicheza bila kugombana mara tatu, mnunulie toleo moja. Akiishia ukurasa wa pili, umeokoa hela yako na hujamnyima kitu.

Nina banda la PS Kibirizi. Nikiweka majarida kama Edge, wateja watakaa zaidi? — Mwenye banda

Hapana. Edge ni jarida la heshima, linatoka Uingereza tangu 1993, matoleo 13 kwa mwaka, na uchambuzi wake ni mkali. Gemu kupata kumi juu ya kumi humo ni tukio. Lakini linasomwa na mtu aliyetulia. Mteja wako anasubiri zamu ya mpira, na hao wanaosubiri watalichana kurasa za katikati ndani ya wiki. Tena habari za gemu zimezeeka kabla ya jarida kupanda meli. Hela hiyo nunua padi ya akiba na uhakikishe LUKU haiishi saa mbili usiku.

Nikiagiza toleo moja kutoka nje, litafika kweli? Au nichukue tu la kusoma kwenye simu? — Mwanafunzi, Cheyo, Tabora

Hufika, mara nyingi. Yanayopotea huanza kupotea kwenye anwani. Tumia sanduku la posta lenye jina linalojulikana pale posta, iwe la shule, la msikiti, la kanisa au la ofisi, ukiwa umeomba ruhusa, na andika jina la mwenye sanduku kwanza kisha lako. Kwa mtumaji wa nje andika P.O. Box, si S.L.P., kisha Tabora, kisha Tanzania kwa herufi kubwa, na namba ya simu ikianza na 255. Jarida peke yake husafiri kama chapisho. Lenye boksi la gemu linaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa ya mchezo, na hapo forodha ina haki ya kuuliza. Weka akiba ya hela kwa ajili hiyo, na hifadhi risiti inayoonyesha bei uliyolipa.

Ukilipa kwa kadi pepe ya mtandao wa simu, tia kiasi cha manunuzi hayo tu na kidogo cha makato. Majarida mengi hukata malipo mapya yenyewe muda uliolipia ukiisha, na kadi isiyo na salio ndiyo kufuli lako. Piga picha ya ukurasa wa agizo. Kama limechelewa, mwandikie muuzaji mapema. Wengi hutuma lingine bila ubishi wakiarifiwa ndani ya muda walioutaja kwenye masharti yao, na hukaa kimya muda huo ukishapita.

Kwenye simu ni nafuu, hakuna posta, lakini kuna mambo mawili. Jarida la kurasa mia likiwa faili la PDF laweza kuwa megabaiti 50 hadi 150, kwa hiyo pakua usiku kwa bando la usiku au mahali penye waifai. Na ukurasa wa A4 wenye safu tatu kwenye kioo cha inchi 6 ni adhabu kwa macho; tableti ya inchi 10 ndipo inaposomeka. Angalia pia kama unapewa faili lako mwenyewe au unafungua ndani ya programu yao. Ukiwa ndani ya programu, siku wakiifunga, matoleo yako nayo yamekwenda. Chesi peke yake ndiyo tunayoipendelea kwenye skrini, kwa sababu unaweza kugusa hatua na ubao ukazicheza mbele yako.

Gemu yenye ramani na vipande chukua ya karatasi. Kuchapisha steshenari, kubandika na kukata kunakula siku mbili na bado rangi hazilingani.

Tunaruhusiwa kutoa kopi za kanuni ili kila mwanachama awe nayo? Na magazeti yenyewe tuyahifadhije, mchwa na unyevu vimetuandama. — Katibu wa kikundi, Katonga

Kopi ya jarida zima kwa ajili ya kugawa, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchapishaji wa nje kama wa ndani. Lakini geuza kurasa: karatasi za kujazia alama, majedwali na muhtasari wa zamu mara nyingi huwa na mstari chini unaoruhusu kutoa kopi kwa matumizi binafsi. Hizo toeni, moja kwa kila mchezaji. Kanuni ndefu ziandikieni muhtasari wenu kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kundi lenye muhtasari wake linacheza haraka kuliko lenye kopi sita ambazo hakuna aliyezisoma.

Kuhifadhi: rafu iwe juu ya sakafu angalau sentimita 10 na isiguse ukuta, kwa maana mchwa hupanda ukutani na unyevu hushuka nao. Matoleo yaliyobanwa kwa pini katikati hupata kutu kwanza. Kutu ikianza, ng'oa pini kwa ncha ya kisu kutoka ndani, ushone upya kwa uzi wa kiatu uliotiwa nta. Yaliyobandikwa kwa gundi mgongoni msiyafungue hadi yalale kama mkeka. Gundi huvunjika na kurasa zinatoka mojamoja, za katikati kwanza. Boksi la plastiki lenye kifuniko ni zuri, ila lifungwe siku kavu ya kiangazi, mchana. Mkilifunga Machi mvua ikinyesha, mmefungia unyevu ndani, na mkifungua Juni mtakuta kurasa zenye picha zimegandana. Zilizogandana msizivute kwa nguvu. Pitisheni rula nyembamba ya plastiki katikati, polepole, mkianzia upande wa pembe iliyo wazi.